KUNYAMAZA SI KUKIRI KOSA



Kwa kawaida katika ukurasa huu tunaandika habari za mishahara, mizani na nyumba za kambi. Safari hii tunaandika habari ya kosa. Kosa lenyewe si la mwajiri peke yake, wala si la nyapara peke yake. Ni letu sisi, kamati ya tawi, tuliochaguliwa na wafanyakazi ili tuwatetee. Tumeona ni afadhali tulitangaze wenyewe kuliko lisemwe pembeni, maana tawi lingine laweza kulifanya kesho.

Sisi tunafanya kazi katika shamba la chai na kiwanda chake, magharibi ya Uganda. Kambini mwetu kuna Watooro, Wakiga, Walugbara na watu waliotoka Kongo, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha kwenye foleni ya mizani. Wengi wetu tumeishia darasa la saba. Hatuandiki kama madaktari. Tunaandika tuliyoyaona na tuliyofundishwa baada ya kukosea.

Kijana wa chumba cha kuchekecha

Jina lake hatutalitaja. Mama yake ni mchuma chai, na yeye alizaliwa katika laini zetu. Alianza kazi kiwandani akiwa na miaka 19, katika chumba cha kuchekecha na kufunga chai. Aliweza kushika chai kiganjani na kukwambia kama ni BP1, PF1 au D1 kabla hujasoma maandishi ya mfuko. Kwa miaka 3 aliandika uzito wa mifuko, na daftari lake halikupata kusahihishwa.

Lakini alikuwa hasalimii. Ukimwambia "habari za asubuhi" alipita. Akizungumza nawe alitazama mikono yako au ukuta. King'ora kikilia aliziba masikio na kuinama. Chakula alikula peke yake, saa ile ile, juu ya jiwe lile lile nyuma ya ghala la kuni. Ukimwuliza neno alilirudia kwanza ndipo akajibu. Basi vijana wakampa jina la Kasuku. Walimfichia kikombe wapate kumwona akihangaika. Walikwenda kukaa juu ya jiwe lake wakimngoja. Na sisi wa kamati tulikuwapo. Tulicheka pamoja nao.

Siku moja nyapara alimwamuru ahame papo hapo, aende chumba cha mashine za kukata majani, kwa sababu mtu wa huko alikuwa mgonjwa. Kelele za chumba hicho tunazijua sote: ukitaka kumwambia mwenzako neno, humsemea sikioni. Kijana hakwenda. Alisema, "Mahali pangu ni hapa," akalirudia neno hilo mara nyingi. Nyapara akamshika mkono amvute. Kijana akapiga yowe, akamsukuma, kisha akaketi sakafuni akijipiga kichwa kwa viganja vyake. Nyapara aliangukia mifuko, hakuumia. Lakini mashtaka yaliandikwa: kukataa amri na kumpiga msimamizi.

Kikao kilifanyika asubuhi ya pili yake. Tulikuwa watu 6 mezani, na wawili kati yao walikuwa wa chama. Kijana aliulizwa mfululizo: Kwa nini ulikataa? Nani alikutuma? Unajua adhabu yake? Kwa nini hututazami tunaposema nawe? Hakujibu hata moja. Alikuwa akitazama pangaboi. Mwenye kiti akasema, "Mnaona dharau yake." Nasi tukaona dharau. Tukatia sahihi, akaachishwa kazi. Kwa miaka 3 alikuwa amekatwa ada ya chama kila mwezi kama mwanachama mwingine yeyote.

Mama yake alitujia baada ya siku mbili. Hakututukana. Alisema hivi: "Mlimwuliza maswali kumi kwa mpigo. Mtoto wangu hujibu moja moja, na jibu lake huja kesho. Jana alinijibu yote, mkekani. Nyinyi hamkuwapo."

Maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tuandike makala hii.

Mambo mawili yasichanganywe

Baada ya kuachishwa, kijana alikaa ndani. Zamani alikuwa na daftari aliloandika namba za malori ya chai, sasa hakuligusa. Hakula vizuri, hakulala usiku. Mambo aliyokuwa akiyafanya mwenyewe, kama kuoga na kufunga vifungo vya shati, yakaanza kumshinda. Majirani walisema amerogwa. Wengine walimshauri mama ampeleke akapungwe pepo. Kisha usiku mmoja akamwambia mama yake kwamba anataka kulala asiamke tena.

Mama hakungoja. Alikopa nauli akampeleka kituo cha afya, na kutoka hapo wakapelekwa hospitali ya rufaa ya mkoa, kwenye idara ya afya ya akili. Huko ndiko muuguzi alikompa mama neno ambalo hatukuwa nalo kambini: usonji.

Tulikwenda kumwona muuguzi huyo tukamwomba atufundishe. Alitueleza kwamba usonji ni hali ambayo mtu huzaliwa nayo, inayotokana na jinsi ubongo wake unavyokua. Hauletwi na uchawi, wala malezi mabaya, wala chanjo. Mtu hukaa nao maisha yake yote. Wengine hawasemi kabisa na huhitaji msaada kila siku. Wengine husoma, hufanya kazi, huoa na kuolewa. Kinachowakutanisha ni kwamba mazungumzo ya watu huwachosha, mabadiliko ya ghafla huwatisha, na mara nyingi kelele, mwanga mkali au kuguguswa huwaumiza kuliko sisi. Na mtu mwenye usonji anapopiga yowe na kuketi chini kama alivyofanya kijana wetu, mara nyingi hakukusudia ukaidi. Amejaa, kama pipa linalomwagika.

Kisha alisema jambo ambalo tunaomba kila msomaji alishike. Usonji wenyewe si ugonjwa wa kutibiwa uishe. Lakini huzuni iliyomlaza kijana yule ni ugonjwa, ni jambo jingine kabisa, na unatibika. Watu wenye usonji hupatwa na hofu ya kudumu na huzuni kubwa kuliko watu wengine, na hatari ya kutaka kujiua ni kubwa zaidi kwao. Sehemu kubwa ya mzigo huo hawakuzaliwa nao. Huwekewa na watu: kwa kuchekwa, kupigwa, kufungiwa ndani, kufukuzwa, na kulazimishwa kila saa wajifanye kama wengine. Mtu anayejilazimisha kutazama watu machoni na kucheka wanapocheka, kutwa nzima, hurudi nyumbani amechoka kuliko aliyebeba kuni. Wapo wengi wanaojificha namna hiyo, na wanawake hasa, hata hakuna anayejua mpaka wameanguka.

Ndiyo kusema tulipokuwa tukisema "huyu kijana ana huzuni kwa sababu ndivyo alivyo," tulikuwa tukijiosha mikono. Alikuwa na huzuni kwa sababu ya tulivyomtenda.

Si mmoja tu

Mwanachama mmoja alituambia kwamba chama kina watu maelfu, hakiwezi kusimama kwa ajili ya mmoja. Tumfanyie hesabu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Hesabu ya dunia si hesabu ya shamba moja, lakini kwa kipimo hicho, mahali penye watu 1,270, wafanyakazi na watoto wao, tungetazamia watu kama 10. Wako wapi katika laini zenu? Huenda ni yule mwenye kuchuma peke yake mwisho wa mstari, ambaye kapu lake hujaa kabla ya makapu ya wengine na hakuna anayejua jina lake kamili. Huenda ni mtoto anayefungiwa chumbani toka alfajiri hadi mama arudi kutoka kwenye mizani, kwa sababu mama analipwa kwa kilo na siku akimpeleka kliniki hapati kitu. Huyo mama naye ni mwanachama. Kuchoka kwake na aibu anayotwishwa na majirani ni mambo ya chama pia.

Mtu wa mji wa Forest

Muuguzi alitusimulia habari nyingine iliyotufikirisha sana. Mwaka 1943 daktari wa magonjwa ya akili ya watoto huko Marekani, Leo Kanner, aliandika habari za watoto 11 wenye hali hii. Wa kwanza katika maandishi yake alikuwa Donald Triplett, mtoto wa mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Akiwa na umri wa miaka 3 aliwekwa katika nyumba ya kulelea watoto, mbali na wazazi, kwa ushauri wa waganga. Baada ya kama mwaka mmoja wazazi walimrudisha nyumbani. Alikua, akasoma hadi chuo, akafanya kazi ya hesabu katika benki ya mji huo kwa miaka mingi. Aliendesha gari, alicheza gofu, alisafiri nchi nyingi peke yake. Alifariki mwezi wa Juni 2023 akiwa na miaka 89. Watu wa mji walikuwa wamemzoea alivyo, na waandishi walipokuja kumtafuta, baadhi ya wenyeji waliwaonya wasije wakamwumiza.

Tulipoisikia habari hiyo tulifurahi. Kisha mmoja wetu akauliza, benki ile ilikuwa ya nani? Jibu ni kwamba ukoo wake ulikuwa na sehemu katika benki hiyo.

Hapo ndipo penye somo kwetu. Donald Triplett hakuponywa usonji. Alipewa mahali pa kudumu, kazi aliyoiweza, na watu waliomkubali, akaishi vizuri mpaka uzee. Lakini alipewa hayo kwa sababu jamaa zake walikuwa na uwezo. Mtoto wa mchuma chai hana jamaa mwenye benki. Ana chama. Kama chama hakitamwekea mahali pa kusimama, hakuna mwingine.

Sheria ilikuwa upande wake

Aibu yetu iliongezeka tulipofungua sheria. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema kwamba kabla ya kumwachisha mfanyakazi kwa kosa, mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoweza kuifahamu. Mfanyakazi ana haki ya kuwa na mtu mwingine aliyemchagua mwenyewe. Mwajiri asikilize maneno yao wote wawili. Na mfanyakazi apewe muda wa kutosha wa kujitayarisha. Tazameni tena kikao chetu. Je, alichagua mtu wa kukaa naye? Hakuambiwa. Je, alipewa muda? Alipewa usiku mmoja. Kumbe yale aliyoyahitaji kijana, muda na mtu wa kumsaidia kusema, yalikuwa haki ya kila mfanyakazi, nasi viongozi tuliyaacha yapite.

Zaidi ya hayo, Katiba ya mwaka 1995 inasema watu wenye ulemavu wana haki ya kuheshimiwa utu wao. Iko Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020. Na mwaka 2023 Uganda iliridhia Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa kukomesha ukatili na unyanyasaji kazini, ambao unahesabu pia madhara ya moyoni. Jina la Kasuku na kikombe kilichofichwa vimo humo. Si mchezo wa vijana tena.

Tuliyoyapata na tuliyoyakosa

Tulikwenda kwa Afisa wa Kazi wa wilaya pamoja na mama, na barua ya hospitali. Tulisema wazi kwamba sisi wenyewe tulitia sahihi kwa kutojua. Kusema hivyo mbele ya mwajiri hakukuwa kwepesi. Baada ya miezi 5 kijana alirudi kazini kwa mapatano ya maandishi:

Moja, atabaki mahali pake, na kukiwa na badiliko ataambiwa siku moja kabla.

Mbili, amri atapewa moja moja, kwa maneno ya wazi, na zile ndefu ataandikiwa.

Tatu, atapewa vizibo vya masikio, na akizidiwa ataruhusiwa kwenda nyuma ya ghala kwa dakika chache bila kukatwa mshahara.

Nne, mtu asimshike wala kumvuta.

Tano, akiitwa kwenye kikao aje na mtu wake, apewe maswali mapema, na jibu lake likija kesho lipokelewe kesho.

Mshahara wa miezi 5 hakulipwa. Deni hilo tunalihesabu kuwa letu pia, na hatujui tutalilipaje. Hospitali aliendelea kwenda kila mwezi, na daftari la malori amelirudia. Bado hasalimii watu. Hatumdai salamu.

Kuna wanachama walionung'unika: kwa nini huyu apendelewe? Tunawajibu hivi. Buti zikigawiwa ghalani, mwenye mguu wa namba 11 hapewi namba 7 kwa jina la usawa. Kila mtu hupewa buti ya kumwezesha kufanya kazi. Na tena, yasomeni mapatano yale polepole. Kuambiwa badiliko la zamu siku moja kabla. Kupewa amri isiyo na matusi. Kukingwa masikio dhidi ya mashine. Kutoshikwa na nyapara. Kusikilizwa kwa haki. Lipi kati ya hayo ambalo wewe hulitaki? Mengi tumeyadai kwa miaka mingi kwa ajili ya wote. Vizibo vya masikio vilipoletwa kwa ajili yake, wenzake wa chumba cha mashine waliuliza mbona wao hawana. Sasa wanavyo. Mahali ambapo mnyonge kabisa anaweza kufanya kazi bila kuumizwa, hata mwenye nguvu hupumua.

Tunayoyapendekeza kwa matawi

Kila tawi lichague watu wawili, mwanamke na mwanamume, wa kufuatilia mambo haya. Si lazima wawe wasomi. Wawe wasikivu na wenye kutunza siri.

Kabla ya kutia sahihi ya kumwachisha mtu yeyote, kamati iulize: je, ameelewa maswali? Je, amepewa muda? Je, yuko mtu wake hapa? Asiyetazama watu machoni asihesabiwe kuwa mwongo, na anayenyamaza asihesabiwe kuwa amekiri.

Majina ya dhihaka yakomeshwe kazini, na tuanze sisi viongozi.

Mkiona mwenzenu mwenye usonji ameacha kula, halali, ameacha jambo alilolipenda, anajiumiza, au mambo aliyoyaweza yanamshinda, msiseme ndivyo alivyo. Huenda ni mgonjwa wa moyo na anahitaji tiba. Na mtu yeyote, mwenye usonji au asiye nao, akisema hataki kuishi, asiachwe peke yake, asikemewe, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Hospitali za rufaa za mikoa zina idara za afya ya akili. Nauli ikikosekana, mfuko wa tawi utumike.

Katika mapatano yajayo na waajiri, tudai siku za ruhusa yenye malipo kwa mzazi anayempeleka mtoto wa namna hii hospitalini, na watoto hao wapokelewe katika nyumba za kulelea watoto mashambani, wasifungiwe majumbani.

Mwisho, tumwulize mwenyewe. Kabla ya kuandika makala hii tulimsomea kijana maneno yetu, tukamwuliza kama anakubali yatoke. Hakujibu. Safari hii tulingoja. Kesho yake alikuja ofisini mwa tawi, akasimama mlangoni, akasema, "Andikeni. Lakini mifuko si ya gunia, ni ya karatasi." Tulikuwa tumekosea, tukasahihisha.

Umoja wetu ndio nguvu yetu, na umoja usiokuwa na nafasi ya mtu kama huyu haujatimia.